Kosa au Hitilafu? Funzo la Mwalimu wa Sayansi ya Kompyuta

Mara nyingi mwundaji wa istilahi hudhani kwamba kazi yake ni kukipa kitu jina tu. Mafundisho ya Profesa Edsger Dijkstra (1930–2002), Mholanzi na bingwa wa sayansi ya kompyuta, yatuonyesha kwamba jina laweza pia kuuficha ukweli.

Dijkstra alianza kufundisha Eindhoven, Uholanzi, mwaka 1962, na kuanzia 1984 hadi 1999 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Marekani. Utafiti wake ulihusu namna ya kuandika programu ambayo usahihi wake waweza kuthibitishwa kwa hoja, kama ilivyo katika hisabati, badala ya kutegemea majaribio peke yake. Alitunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1972.

Katika malezi ya wanafunzi, lugha ilikuwa ndiyo mizani yake. Aliwatahini ana kwa ana, kwa mazungumzo. Kila Jumanne alasiri alikutana na wenzake na wanafunzi wachache, wakasoma makala pamoja na kuyapima maneno yake. Mwaka 1975 aliandika kwamba, pamoja na kipaji cha hisabati, mwandishi wa programu hana mali bora kuliko kuimudu barabara lugha yake ya kuzaliwa.

Mwaka 1988 aliwashauri walimu waache kuliita kosa la programu kwa lile neno la Kiingereza lenye maana ya mdudu. Mdudu hujipenyeza mwenyewe, lakini kosa hutiwa na mwandishi. Tena, programu yenye kosa isisemwe kuwa karibu ni sahihi, si sahihi.

Kiswahili kina maneno ya kuitenga maana hiyo. Hitilafu hutokea, kosa hutendwa. Tukiambiwa umeme umekatika kwa sababu ya hitilafu, hatuulizi ni nani. Tukiambiwa pana kosa, twamtafuta mkosaji. Basi mtambo uliochakaa una hitilafu, bali programu iliyoandikwa vibaya ina kosa.

Tofauti hiyo si ndogo. Mzee ambaye jina lake limeachwa katika orodha ya pensheni, akiandikiwa kwamba ni "hitilafu ya kompyuta", hana wa kumwuliza. Akiandikiwa kwamba pana kosa katika programu, ajua kuwa yuko mtu apasaye kulisahihisha. Mfasiri ateuapo neno, na akumbuke kwamba huenda anateua pia nani atawajibika.