Utelezi Ndani ya Dumu

Misigiri, pale njia ya Kiomboi inapochepuka kutoka barabara ya Singida kwenda Nzega, maji huchotwa kwa madumu ya lita 20, mengi yakiwa yale ya njano yaliyokuja na mafuta ya kula. Mdomo wa dumu haupitishi mkono. Ingiza kidole tu, pitisha ukutani: panateleza. Wanaoishi kwenye utelezi huo ni bakteria.

Bakteria anayeelea majini hufa kwa klorini kidogo. Akishajishika kwenye plastiki, huzaliana na kutoa ute wa sukari, protini na vinasaba, ukawa utando unaowafunika wote. Klorini huishia kwenye ute wa juu. Bakteria wengi wa chini hukua polepole mno, na antibayotiki nyingi hulenga bakteria anayekua. Hivyo wengine huhimili dozi inayozidi mara mamia ile inayowaua wenzao wanaoelea.

Jambo hili si geni. Mwaka 1684 Mholanzi Antoni van Leeuwenhoek, muuza vitambaa aliyejitengenezea hadubini, alieleza kwamba siki aliyosukutulia iliua vijidudu vya juu ya ugaga wa meno yake, vya ndani vikabaki hai.

Zizini utando huo hula pesa. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus hujibanza ndani ya kiwele. Mfugaji anaweka tyubu ya dawa kwenye chuchu, maziwa yanatengemaa, kisha mabonge kwenye maziwa yanarudi. Lawama huangukia dawa feki. Feki zipo, lakini hata dawa halisi hushindwa hapa. Ng'ombe wa namna hiyo akamuliwe mwisho, wengine wasije wakaambukizwa kwa mikono na kitambaa kilekile. Akiwa sugu, ni bora kumwondoa kundini.

Kwa binadamu, bakteria wa taifodi hujenga utando juu ya mawe ya kifuko cha nyongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliukuta kwa wabebaji wa Mexico City: watu wasio na dalili za taifodi, ilhali choo chao kinaeneza ugonjwa.

Tukirudi kwenye dumu, wengi hutia kokoto na sabuni, wakatikisa. Wanafanya vyema, kwa kuwa utando hung'olewa kwa kusuguliwa kwanza, klorini ikafuata. Tatizo kokoto hukwaruza plastiki, na kila mkwaruzo ni maficho mapya. Ndoo yenye mfuniko na koki husuguliwa kwa urahisi zaidi, mradi koki yenyewe nayo ifunguliwe ikapigwe brashi.