Diski ya harusi inapokwama nusu ya safari

Na MWANDISHI WETU

HAKUNA kinachomvunja moyo fundi wa video kama kuisubiri kompyuta ichome diski kwa zaidi ya nusu saa, halafu mwishowe imwambie kwamba kazi imeshindikana. Mteja yuko mlangoni, amekuja na nauli ya kurudi tu, na diski iliyoharibika haiwezi kufutwa ikachomwa upya. Ni ya kutupwa.

Wanaofanya kazi hii katika vibanda vya Kibera, kuanzia Olympic hadi Makina, na wenzao wa Kawangware kule 46 na Kongo, wanaifahamu hasara hiyo vyema. Inawauma zaidi diski inapokuwa ile ya matabaka mawili, ambayo bei yake ni mara kadhaa ya diski ya kawaida. Wengi hulaumu muuzaji wa mjini kwamba amewauzia bidhaa bandia. Pengine ni kweli, lakini mara nyingi kosa liko kwingine. Ukichunguza ni wapi diski ilipokwama, utajua ugonjwa wake.

Ni kweli kwamba siku za diski zimepungua. Sinema ambazo zamani vijana walizinunua kwa diski, DJ Afro akizisimulia kwa Kiswahili, sasa hupakiwa kwenye flashi au hutazamwa kwenye simu. Kompyuta nyingi mpya za kubebeka hazina hata mahali pa kuingizia diski. Hata hivyo, zipo familia ambazo bado huitaka diski ya harusi, ya ruracio, ya mahafali au ya mazishi. Nyanya aliye mashambani ana deki yake na runinga yake, na hataki kusikia habari za intaneti. Anataka kitu cha kushika mkononi na kuweka kabatini.

Matabaka mawili ni nini?

Diski ya kawaida ya DVD hubeba gigabaiti 4.7. Hiyo ni video ya takriban saa mbili ikiwa picha ni safi. Harusi ya Nairobi haimaliziki kwa saa mbili. Kuna kumtoa bibi harusi kwao, kuna kanisani, kuna kupiga picha bustanini, kuna karamu na zawadi. Ndiposa fundi huchagua diski ya matabaka mawili, ambayo hubeba gigabaiti 8.5, yaani karibu saa nne. Diski za aina hii za kuchomea nyumbani zilianza kuuzwa mwaka wa 2004.

Ndani ya diski hiyo mna rangi maalumu iliyopakwa mara mbili, tabaka moja juu ya jingine. Mwanga wa leza huchoma alama ndogo mno kwenye rangi hiyo. Tabaka la kwanza limetengenezwa likiwa angavu kiasi, ili mwanga uweze kulipenya na kulifikia la pili. Kazi huanzia karibu na tundu la katikati ya diski na kuelekea ukingoni. Likijaa tabaka la kwanza, leza hubadilisha shabaha, ikaanza kuchoma la pili kutoka ukingoni kurudi katikati.

Hapo ndipo penye taabu. Leza hulazimika kupenya tabaka moja ili kulichoma jingine, na mwanga unaorudi kutoka kwenye diski hii ni hafifu kuliko ule wa diski ya kawaida. Mtambo uliochoka, ambao bado unachoma diski za kawaida bila taabu, unaweza kushindwa kabisa na hii.

Ikikataa mwanzoni

Iwapo kazi inakwama hata kabla ya asilimia moja kutimia, sababu huwa moja kati ya tatu. Ya kwanza, mtambo wako hauijui diski hiyo. Mitambo iliyotengenezwa kabla ya 2004 haikuundwa kwa kazi hii. Pia kuna diski zenye alama ya kujumlisha na zile zenye alama ya kutoa, na baadhi ya mitambo hukubali aina moja tu. Soma maandishi yaliyo kwenye uso wa mtambo kabla ya kwenda Luthuli Avenue kununua diski.

Sababu ya pili ni vumbi kwenye lenzi. Kabla ya kuanza, mtambo hujaribu nguvu ya leza kwenye sehemu ndogo ya diski. Lenzi ikiwa chafu, jaribio hilo hushindwa na kazi husimama papo hapo.

Ya tatu ni ukubwa wa kazi yenyewe. Gigabaiti 8.5 zilizoandikwa kwenye kasha, kompyuta nyingi huzionyesha kama 7.96, kwa sababu kompyuta ina namna yake ya kuhesabu. Diski haijapunjwa. Lakini ukiandaa video ya 8.3 kwa hesabu ya kompyuta, haitaingia hata ukiomba.

Ikikwama katikati

Hili ndilo tatizo lililo sugu zaidi. Kazi inakwenda vyema hadi karibu nusu, halafu inasimama. Nusu ndipo leza inapohama kutoka tabaka la kwanza hadi la pili. Mtambo ukishindwa kuliona tabaka la pili, safari imekwisha.

Anza na diski. Ikague ukingoni. Diski ikiwa inajazwa pomoni, sehemu ya ukingo huchomwa wakati huo wa kuhama, na alama ya kidole chenye mafuta ya chipsi inatosha kuharibu kila kitu. Shika diski kwa tundu na kwa kingo zake, usiguse uso wake.

Kisha angalia kasi. Fundi mwenye haraka huiacha programu ichague kasi ya juu kabisa. Diski iliyoandikwa mara 8, ijaribu kwa mara 4. Kwa mwendo huo diski iliyojaa huchukua takriban dakika 26. Kwa mara 2.4, ambao ndio mwendo wa diski za kwanza za aina hii, ni dakika 43 hivi. Si muda mrefu ukilinganisha na kununua diski nyingine.

Jambo la tatu ni mahali panapotoka video. Usichome moja kwa moja kutoka kwenye flashi au kadi ya kamera. Ihamishie kwanza kwenye diski kuu ya kompyuta, funga programu nyingine zote, na usiruhusu mtu aanze kusikiliza muziki kwenye mashine hiyo.

Ukitumia mtambo wa nje unaounganishwa kwa waya wa USB, uchomeke kwenye kompyuta yenyewe, si kwenye kigawanyo chenye waya nyingine nne. Kuchoma hutaka nguvu, na tundu dhaifu la USB huenda lisiitoe ya kutosha. Kama mtambo ulikuja na waya wenye vichwa viwili, tumia vyote viwili.

Ukishafanya yote haya na diski mbili za aina tofauti zikakwama palepale, basi mtambo ndio mgonjwa. Ukifikia hapo, acha kununua diski. Tafuta mtambo mwingine.

Ikikamilika, deki ikaikataa

Wakati mwingine kompyuta husema kazi imekamilika, lakini deki ya nyumbani huizungusha diski na kuitema. Hapa kuna mambo mawili. Kwanza, huenda fundi hakuifunga diski, na deki haiwezi kuisoma diski iliyoachwa wazi.

Pili, kila diski hujitambulisha kwa deki kwamba ni ya aina gani. Deki za zamani hazilifahamu jina la diski ya matabaka mawili ya kuchomea. Mitambo mingi inaweza kuandika kwenye diski ya alama ya kujumlisha utambulisho wa DVD ya kawaida ya kiwandani, na deki ikakubali. Programu ya bure ya ImgBurn, ambayo toleo lake la 2.5.8.0 lilitoka 2013, ina sehemu ya kufanya hivyo. Programu hiyo hiyo hukusaidia kuchagua mahali pa kuhamia tabaka la pili, ili mkato usiangukie katikati ya kiapo cha bwana harusi. Picha ikisimama kidogo tu mahali hapo, usijali. Ni deki inayobadilisha tabaka.

Umeme, vumbi na joto

Mitaa yetu ina maadui wake. Umeme ukipotea diski ikiwa inachomwa, hakuna dawa. Hakuna fundi atakayesahau usiku wa Agosti 25, 2023, giza lilipoikumba karibu nchi nzima. Kwa hivyo kompyuta ya kubebeka yenye betri nzima ni bora kwa kazi hii kuliko ile ya mezani, isipokuwa kama ya mezani ina betri yake ya akiba.

Vumbi la barabarani huingia kibandani mchana kutwa. Ufunike mtambo usipotumika. Na chini ya paa la mabati, joto la saa nane mchana huutesa mtambo ambao wenyewe tayari una moto. Choma asubuhi mapema, na baada ya kila diski, upumzishe kidogo. Diski zilizo tupu zisianikwe dirishani kama mapambo, kwani jua huharibu ile rangi ya ndani.

Kuhusu chapa, jina la Verbatim lilisifiwa kwa muda mrefu na wachomaji wa diski hizi. Hata hivyo, mwaka wa 2019 biashara hiyo ilinunuliwa na kampuni ya CMC Magnetics ya Taiwan. Usitegemee jina peke yake. Nunua diski mbili au tatu, uzijaribu, kisha ndipo ununue boksi.

Usiifute kadi

Hasara kubwa kuliko zote haihusu bei ya diski. Inatokea pale fundi anapoifuta kadi ya kamera ili aende kupiga harusi nyingine Jumamosi, akidhani ya kwanza iko salama kwenye diski. Diski ikigunduliwa kuwa mbovu mwezi mmoja baadaye, sauti ya babu akibariki ndoa haipatikani tena, na pengine babu mwenyewe hayupo. Hakuna fedha zinazoweza kulipa hasara hiyo.

Kwa hivyo fundi, ukimaliza kuchoma, iamuru programu iisome diski yote na kuilinganisha na video uliyoiandaa. Kisha itie kwenye deki tofauti, uitazame mwanzo, katikati na mwisho. Baada ya hapo weka nakala ya pili mahali pengine. Ndipo uifute kadi, si kabla.

Nawe mzazi au mwanafunzi unayelipia kazi hiyo, una haki ya kuuliza maswali. Taka kuiona diski ikicheza kabla ya kutoa salio la fedha. Omba pia video yako kwenye flashi. Na iwapo fundi hana hakika na mtambo wake, mwambie agawe kazi kwenye diski mbili za kawaida, kanisani kwenye moja na karamu kwenye nyingine. Nyanya ataamka mara moja kubadilisha diski, lakini ataona harusi yote.

Ikumbukwe pia kwamba haya yote ni kwa kazi zenu wenyewe. Kuchoma sinema za watu wengine bila idhini na kuziuza ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001.

Wahenga walisema akiba haiozi. Diski huweza kuoza, lakini familia iliyo na nakala mbili haitapoteza chochote.