Upepo Hubanika, Maji Hayabaniki: Funzo Tulilolipata Salama



Tulikuwa safarini kutoka Mombasa kwenda Nairobi pamoja na ahli zetu. Tulipofika Salama, katika Kaunti ya Makueni, tuliteremka kuswali. Kanyagio la breki lilikuwa limeanza kuwa laini, nasi tukasema: tutawakali, twende. Mama watoto akakataa katakata. Fundi alipoitwa, alikuta upepo ndani ya mfereji wa mafuta ya breki.

Upepo kidogo una madhara gani? Chukueni bomba la sindano lisilo na sindano, livuteni upepo, zibeni mdomo wake kwa kidole, kisha msukume. Upepo hubanika, kwa kuwa chembe zake ziko mbalimbali. Mwaka 1662 Robert Boyle alitangaza kwamba upepo ukibanwa hadi nusu ya nafasi yake, bila joto kubadilika, shinikizo lake huwa maradufu. Sasa lijazeni maji, msiache hata povu moja. Halisogei. Chembe za maji zimekwisha kukaribiana. Hata baharini, kwenye kina cha mita 4,000, ambako shinikizo hukaribia mara 400 ya lile la juu, maji hupungua kwa chini ya sehemu 2 katika 100.

Mafuta ya breki nayo ni hivyo hivyo: hayabaniki, basi nguvu ya mguu hufika magurudumuni papo hapo. Upepo ukiingia, mguu hubana povu tu, na gari haliitiki. Isitoshe, mafuta hayo hunyonya unyevu kadiri muda unavyopita; breki zikipata moto mkali kwenye mteremko mrefu, unyevu huchemka ukawa mvuke, nao hubanika vilevile.

Malori yapitayo hapo hutumia breki za upepo: injini huushindilia upepo ndani ya matangi, nao ndio usukumao breki. Ule mlio wa kufoka wanaoupenda watoto ni upepo uliomaliza kazi yake. Kilicho nguvu kwa lori, kwa gari dogo ni maradhi.

Kwa hiyo, kanyagio likiwa laini, msisafiri. Fundi atoe upepo, atazame panapovuja, abadilishe mafuta yaliyochakaa. Kwenye mteremko tumieni gia ndogo. Nanyi akina mama, ulizeni kabla watoto hawajapanda. Kuuliza si ukosefu wa adabu. Kutawakali hufuata baada ya kutimiza sababu, na siku ile aliyelikumbuka hilo hakuwa sheikh.

Allah atufikishe sote salama. Amin.