Picha Itokayo katika Vivuli

Kila mtoto aliyepita madrasa anajua kuitambua Alasiri kwa kivuli: husimamishwa kijiti uani, kivuli chake kikapimwa. Kivuli ni kitu duni, lakini hutoa khabari ya jua, ambalo mkono haulifikii. Basi, ndugu wasomaji, kwa njia inayofanana na hiyo madaktari hutazama ndani ya kichwa cha mtu pasipo kukipasua.

Niliingia katika khabari hii kwa sababu ya mzee mmoja wa jamaa zetu hapa Kasulu, aliyesumbuliwa na kichwa tangu Ramadhani. Daktari alimwandikia aende Kigoma mjini akapigwe picha ya CT. Wanawe wakabishana. Huyu akasema ni kamera tu, yule akasema kompyuta hubahatisha, na mzee mwenyewe akakataa kupanda gari. Nikamwita kijana niliyemsomesha zamani, mwenyeji wa Kibondo, mpenzi wa hesabu.

Alituambia kuwa mashine ile haioni ndani. Hupitisha mionzi ya eksirei upande mmoja, ikapima kiasi kilichopenya upande wa pili. Kisha huzunguka kidogo ikapima tena. Vyote hivyo ni vivuli, na picha huzaliwa na hesabu. Asili ya hesabu hiyo iliandikwa na Johann Radon wa Austria mwaka 1917, wala hakuwa akifikiria hospitali. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliishughulikia Cape Town mwaka 1956, akachapisha aliyoyapata 1963 na 1964, na watu wakampuuza. Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI ndiye aliyeunda mashine, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London tarehe 1 Oktoba 1971. Mashine yake ya majaribio ilipima pembe 180, kila pembe vipimo 160, yaani vipimo 28,800. Kompyuta kubwa ikahitaji saa mbili na nusu kuvikokotoa. Mwaka 1979 wawili hao walipewa tuzo ya Nobel kwa pamoja.

Leo hesabu hiyo hutolewa bure. Programu moja huitwa ASTRA Toolbox, kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Antwerp na taasisi ya CWI ya Amsterdam. Kila mtu ana ruhusa ya kuisoma, kuibadili na kuigawa, kwa sharti kwamba akiigawa asiwafungie wengine mlango. Sharti hilo lilinipendeza mno.

Kijana aliiweka katika kompyuta yake kuukuu, akitanguliza lugha ya Python. Kwa kuwa haina kadi ya grafiki ya NVIDIA, picha za pande tatu hazikuwezekana. Akatosheka na picha bapa. Hakutumia mgonjwa, bali kichwa cha kuchora cha Shepp na Logan, kilichobuniwa 1974 kwa ajili ya majaribio. Mara ya kwanza kikatoka kitu mfano wa uji uliomwagika! Alilaumu kompyuta siku mbili. Kumbe programu huhesabu pembe kwa radiani, naye aliipa digrii: badala ya kuishia 3.14 aliandika 180. Aliposahihisha, kichwa kikatokea, duara ndani ya duara, nasi tukainama sote kukitazama.

Kisha akapunguza pembe kutoka 180 hadi 20. Picha ikajaa michirizi. Akabadili njia, akaiacha kompyuta irudie kukadiria na kusahihisha mara nyingi. Michirizi ikapungua, ingawa haikwisha. Wataalamu huitafuta njia hiyo khasa, maana vivuli vichache ni mionzi michache mwilini, na CT humpa mtu mionzi mingi kuliko eksirei ya kawaida.

Yule aliyesema kompyuta hubahatisha aliomba arudishiwe pembe 180 mara tatu. Kijana akamwonya kuwa programu yake ni ya kujifunzia tu, si ya kumhukumia mgonjwa.

Mzee alikuwa kimya nyuma yetu. Akauliza mashine huzunguka muda gani. Alipoambiwa kuwa za siku hizi hazichukui hata dakika moja kwa kichwa, akaagiza koti lake lifuliwe, na Jumatatu akapanda gari la asubuhi.