Jike Hupelekwa kwa Dume, Kisha Hurudishwa

Mama yangu anaishi Muthara, Tigania Mashariki, chini ya vilima vya Nyambene. Siku nilipomwonyesha kwa simu mijusi wawili wa binti yangu, dume na jike ndani ya kizimba kimoja cha kioo, hakuuliza wanakula nini wala tuliwanunua kwa bei gani. Aliuliza, "Na jike akichoka na huyo mume, anaenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumemleta jike ili dume asiwe mpweke. Huku Minnesota majira ya baridi ni marefu, watoto hushinda ndani, na binti yangu alimhurumia mnyama anayekaa peke yake. Dukani tuliambiwa hakuna ubaya. Baada ya miezi michache jike alibaki mifupa, mkia umenywea, na huku dume ananenepa.

Mjusi huyu, aitwaye mjusi mwenye ndevu, kwao ni Australia, kule bara kwenye ukame. Jina lake la kisayansi ni Pogona vitticeps. Ndevu zenyewe ni ngozi ya miiba chini ya kidevu, ambayo huvimba na kuwa nyeusi tititi anapokasirika au anapotaka jike. Ukoo wake, Agamidae, ndio ukoo wa yule mjusi wa nyumbani anayeota jua juu ya mawe ya shamba, dume mwenye kichwa cha rangi ya chungwa na mwili wa buluu. Ukikulia Meru au Embu umemwona akipiga pushapu na kutikisa kichwa, na pengine umemrushia jiwe. Zile pushapu ni tangazo: jiwe hili lina mwenyewe. Mjusi wa Australia naye hutikisa kichwa vivyo hivyo. Jike, au dume mdogo aliyezidiwa nguvu, hujibu kwa kuinua mkono mmoja na kuuzungusha polepole. Binti yangu alifurahi sana akidhani anapungiwa mkono. Kumbe jike alikuwa anasema, nimekuona, sitaki ugomvi. Alilisema hilo kutwa nzima, siku baada ya siku.

Najua mtu wa nyumbani atapinga hapa, maana nami nilipinga. Yule wa kichwa cha chungwa si hukaa jiwe moja na majike kadhaa? Ni kweli. Dume mkubwa mmoja hutawala eneo, na ndani yake wamo majike na vijana. Lakini jiwe la Muthara lina nyufa, lina upande wa nyuma, na hatua chache kando kuna ukuta, kuna mti, kuna shamba la jirani. Jike asiyetaka huingia ufa na mambo yakaishia hapo. Kizimba chetu kilikuwa na urefu wa sentimita 120 na upana wa 60. Hicho ni kizimba kizuri kwa mjusi mmoja mzima. Kwa wawili ni chumba kisicho na mlango.

Dume akipanda, humng'ata jike shingoni ili amshike. Akiishi naye atampanda tena na tena, jike awe na nguvu au asiwe nazo. Kisha yanakuja mayai, na hapa ndipo wengi hawajui uzito wa jambo. Mtago mmoja huweza kuwa na mayai 15 hadi 30, na msimu mmoja huweza kuwa na mitago kadhaa iliyoachana kwa wiki chache. Kila yai linahitaji kalisiamu. Chakula kisipotosha, mwili huichukua kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Mifupa hulegea, taya huwa laini, mikono hutetemeka. Wengine mayai hukwama tumboni na huwaua. Jike wetu alitaga mara tatu, na mara ya tatu hakuwa na nguvu za kuchimba.

Kuna jambo lingine lililotudanganya kwa muda mrefu, na nina picha zake nyingi kwenye simu. Dume alikuwa akilala juu ya mgongo wa jike chini ya taa. Tulisema wanapendana, wamekumbatiana. Daktari wa wanyama alizitazama zile picha akanyamaza kidogo, kisha akatueleza. Mjusi hana joto lake mwenyewe, hulitafuta. Mahali pa kuotea jua panatakiwa kufika nyuzi 40 hivi za Selsiasi, na juu yake kuwe na taa ya miale ya urujuanimno, maana bila miale hiyo mwili wake hautengenezi vitamini D, na bila vitamini D kalisiamu unayompa inapita bure. Anayekaa juu ndiye anayepata mwanga. Wa chini anafunikwa. Kwa hiyo yule aliyekuwa akitaga ndiye aliyekuwa akinyimwa jua, na sisi tulikuwa tunapiga picha.

Nilipompigia mama tena na kumweleza, alinikumbusha sungura. Tukiwa shule ya msingi mimi na kaka yangu tulifuga sungura nyuma ya jiko. Kila mtoto aliyefuga sungura anaijua kanuni: dume ana tundu lake, jike ana lake. Siku ya kupandisha unamchukua jike unampeleka kwa dume, unasimama hapo hapo unatazama, wakimaliza unamrudisha kwake. Huwaachi pamoja. Hata beberu, mama hakumfunga zizi moja na mbuzi majike wachanga. Haya yote niliyajua nikiwa na miaka 10. Nadhani kioo na taa ndivyo vilivyonisahaulisha. Nilimwona mjusi kama pambo la sebuleni, sikumwona kama mfugo.

Anayetaka kuzalisha mijusi hii hufuata kanuni ile ile ya sungura. Jike awe ametimiza angalau miezi 18 na ana uzito wa kutosha, akutane na dume kwa muda mfupi chini ya macho ya mwenyewe, kisha arudi kwake apumzike na kulishwa vizuri. Madume wawili wasiwekwe pamoja kamwe, watararuana. Majike wawili pia hunyimana chakula na jua kimyakimya.

Na usimwamini sana muuzaji kuhusu jinsia ya mjusi mchanga. Mkubwa ukimwinua mkia taratibu, dume huonyesha vivimbe viwili kwenye shina la mkia, jike kimoja cha katikati. Kwa mchanga ni vigumu kuona. Isitoshe, mwaka 2015 watafiti wa Australia walionyesha kuwa hata porini, joto kali la kiota hukifanya kiinitete chenye kromosomu za kiume kuzaliwa jike.

Wapo pia wanaotamani kinyonga wa pembe tatu wa Mlima Kenya kwa sababu anawakumbusha nyumbani. Huyo ni mpweke kuliko hata mjusi. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 haikuruhusu umfuge au umsafirishe bila kibali, na madhara ya kumsafirisha yameshaonekana. Mwaka 1972 vinyonga hao walifika Hawaii, mwenye duka la wanyama akawaachia bustanini wapate nafuu ya safari. Wakaenea, na wamekutwa na konokono wa asili wa visiwa hivyo matumboni.

Sasa tuna vizimba viwili, kila kimoja na taa zake, na katikati tumeweka kadibodi, kwa sababu dume alikuwa akimwona tu anafura ndevu. Umeme umepanda. Binti yangu humpima jike kila Jumamosi kwenye mizani ya jikoni. Jike alianza na gramu 240, wiki iliyopita alifika 370, na mkia umeanza kujaa. Sanduku la mchanga wenye unyevu bado lipo kwenye kona ya kizimba chake, maana jike huhifadhi mbegu za dume mwilini na huweza kutaga tena bila kumwona. Mama anapopiga simu huuliza kwanza habari za watoto, kisha anauliza kama yule mama wa mayai amechimba.