SARE YA SKAUTI WA ZAMANI: JE, KIKUNDI CHETU KINAWEZA KUISHONA TENA?



Katika vikundi vingi vya kujisaidia vya huku Embu na Meru kuna cherehani ambazo hazina kazi. Wanachama walichanga pesa kidogo kidogo mpaka wakanunua mashine, na wasichana wakafundishwa kushona. Sasa mashine imefunikwa kitambaa, inangoja Januari wazazi watafute sare za shule. Ukitembea Dallas pale mjini Embu utajua sababu. Mitumba iko kila mahali, na fundi hawezi kushindana nayo kwa bei.

Basi ashindane kwa nini? Tunaona njia moja ni kushona nguo inayodumu, yenye mtindo ambao watu wanaujua tayari. Mfano mzuri ni sare ya skauti wa zamani.

Ilitoka wapi?

Skauti ilianzishwa na Mwingereza Robert Baden-Powell. Mwaka 1907 aliwapeleka wavulana wapatao 20 kupiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Kenya ilipata skauti mwaka 1910. Yeye mwenyewe alikuja kuishi Nyeri mwaka 1938, katika nyumba ndogo iliyoitwa Paxtu, akafa tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake liko huko huko Nyeri, ng'ambo ya mlima wetu, na maskauti wa nchi nyingi huja kulitembelea.

Nguo aliyowachagulia vijana ilifanana na ile aliyoizoea akiwa askari kusini mwa Afrika: kofia ya ukingo mpana, shati la kaki, skafu shingoni na kaptula. Neno kaki lenyewe lilitoka Bara Hindi na maana yake ni rangi ya vumbi.

Kwa hiyo tusifiche: hii ilikuwa nguo ya jeshi la mkoloni kabla haijawa ya watoto. Wazee waliokuwa watoto wakati wa Hali ya Hatari, kati ya 1952 na 1960, wanakumbuka askari wa kaki wakiingia vijijini. Kwao rangi hiyo si mchezo. Lakini kuna upande mwingine pia. Zamani hizo za ukoloni, shule za kujitegemea za Wakikuyu zilianzisha vikosi vyao vya skauti bila kungoja kibali cha wakubwa. Watu wetu walichukua walichoona kina faida, wakaacha kingine. Na sisi tunaweza kufanya hivyo hivyo.

Tuchukue nini, tuache nini?

Tuchukue ushonaji wake. Tuache nembo, beji na alama za vyeo. Hizo ni za Chama cha Maskauti wa Kenya, na mtu huzipata kwa kujiunga na kula kiapo, si kwa kununua sokoni. Tena muwe waangalifu na vitambaa vya madoadoa ya jeshi. Sheria ya Kenya hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi wala za polisi, na mteja wenu akikamatwa, jina la kikundi linaharibika.

Kama wazee wa kwenu hawapendi kaki, msibishane nao. Shoneni shati lile lile kwa rangi ya kijani, buluu nzito au damu ya mzee. Uzuri wake hauko kwenye rangi.

Ni nini kinachofanya shati hilo lidumu?

1. Kitambaa ni pamba nzito. Kiloweke majini usiku mmoja na kukikausha kabla ya kukata. Pamba hurudi, na mteja akifua shati likambana hatakuja tena.

2. Mishono ya ubavuni na mabegani hukunjwa ndani na kushonwa mara mbili. Hapo nyuzi hazitoki hata shati likifuliwa kwenye jiwe.

3. Mifuko miwili ya kifuani ina mkunjo katikati ili itanuke, na kifuniko chenye kifungo. Mama wa sokoni anaweza kuweka simu na pesa bila wasiwasi. Pembe za mfuko zikazwe kwa kushonwa mara kadhaa, kwa sababu hapo ndipo hupasuka kwanza.

4. Skafu ni kitambaa cha pembe tatu. Kata kipande cha mraba cha mita moja kwa mita moja toka pembe hadi pembe, utapata mbili. Mama hujifunga kichwani, kijana huvaa shingoni, na mtu akivunjika mkono inamtegemeza mpaka afike hospitali.

Kaptula vijijini ni ya watoto, kwa hiyo kwa watu wazima irefusheni iwe suruali. Kwa wasichana mifuko ile ile ikae vizuri kwenye sketi.

Sare kuukuu zisitupwe

Shati kuukuu huisha kwanza kwenye kola na viwiko. Mgongo huwa bado mzima. Toeni beji zote, kateni mgongo, mshone shati la mtoto au mfuko wa kwenda sokoni. Kola iliyochakaa upande mmoja ifumuliwe, igeuzwe, ishonwe tena.

Hesabu kwanza

Vikundi vingi huanguka hapa, kwa kuhesabu kitambaa na kusahau jasho. Tuseme kitambaa ni shilingi 600, vifungo na uzi 80, umeme na kodi ya chumba 70, na malipo ya fundi 400. Jumla ni 1,150. Mkiuza 1,300, kikundi kinabaki na 150. Mkiuza 1,000 mmempa mteja zawadi ya shilingi 150 kutoka mifukoni mwenu. Tafuteni bei za kwenu mfanye hesabu hiyo kabla ya kukata hata shati moja.

Msianze na mia. Shoneni matano, mwape wanachama wayavae kazini miezi miwili, wayafue kama kawaida. Shati likivumilia shamba, hilo ndilo tangazo lenu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Mashine zetu hufanya kazi miezi mingapi kwa mwaka?
2. Wazee wetu wanaonaje rangi ya kaki? Tumewauliza?
3. Ni nani hapa kwetu anayehitaji shati gumu lenye mifuko: mkulima, bodaboda, mwalimu?
4. Katika bei yetu, je, tumelipa mikono ya fundi?