Mtoto Asikiapo Neno "Baba"

Somo: Luka 15:11-32

Leo twataka kusema nanyi mnaofundisha shule ya Jumapili, na ninyi wazazi pia, juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidhani kuwa jepesi, yaani kumfundisha mtoto kwamba Mungu ni Baba mwenye upendo.

Jumapili moja tulitembelea darasa la watoto. Walikuwa kama thelathini, wameketi juu ya mikeka chini ya mti, maana ndani ya kanisa watu wazima walikuwa wakiabudu. Walisema Sala ya Bwana upesi upesi, kama watoto wafanyavyo. Kisha mwalimu wao akawauliza, "Baba ni mtu wa namna gani?" Alitumaini kujibiwa kwamba baba hutupenda na kutulisha, ili naye aseme, "Vema, na Mungu ni vivyo hivyo." Msichana mmoja alijibu hivyo. Wa pili akasema baba ni mtu ajaye mwisho wa mwezi. Ndipo mvulana mmoja wa miaka minane hivi akasema, "Baba akiingia, sisi hunyamaza." Wenzake hawakucheka. Mwalimu akatafuta la kusema, akakosa, akaanzisha wimbo.

Hatumlaumu. Sisi nasi tumefundisha vivyo hivyo miaka mingi, tukisema, "Mungu ni kama baba yako." Kwa mtoto mwenye baba mwema, maneno haya ni chakula. Lakini yule ambaye baba yake hurudi usiku amelewa, tumemwambia nini? Tumemwambia kwamba mbinguni yuko mwingine kama huyo, mwenye nguvu kuliko huyo, tena asiyelala. Na yule ambaye baba yake yuko kazini Nairobi au Mombasa, akionekana Krismasi hata Krismasi, hudhani Mungu naye ni mtu wa mbali atumaye pesa kwa simu. Mtoto asiyemjua baba yake kabisa hujitoa katika hesabu. Husema moyoni, "Somo hili si langu."

Kosa letu ni kwamba tumepanda ngazi kwa upande usiofaa. Mtume Paulo, katika Waefeso sura ya 3, afundisha kwamba ubaba wa hapa duniani wapata jina lake kwa Mungu. Basi Mungu hapimwi kwa baba zetu. Baba zetu ndio wapimwao kwake, na wengi wetu tulio baba twapungua sana katika kipimo hicho. Mtoto akilijua hili, aweza kumwita Mungu Baba pasipo kumvika sura ya yule aliyemtisha nyumbani.

Kwa hiyo tuanze na yale Mungu ayatendayo, na hakuna mahali pazuri pa kuanzia kuliko Luka 15. Watoto wetu waijua hadithi hii, lakini mara nyingi tumewasimulia habari za kijana na nguruwe wake tu, tukamsahau baba. Tuwaulize, "Baba alikuwa wapi? Alifanya nini?" Kijana alitaka urithi wake na mzee angali hai. Jambo hilo halihitaji maelezo mengi katika nchi yetu, ambako ndugu hupelekana mahakamani kwa ajili ya shamba. Mzee akampa. Kijana akaenda, akapoteza vyote. Aliporudi, baba alimwona kutoka mbali, akapiga mbio kumlaki. Mkae hapo na watoto, msipite upesi. Mzee mwenye heshima, mwenye kanzu ndefu, hakimbii barabarani. Hata kwetu, mzee akikimbia, watu huuliza ni nyumba ya nani inayowaka moto. Huyu alikimbia machoni pa kijiji kizima, akamkumbatia mtu aliyetoka kulisha nguruwe, kabla kijana hajamaliza hotuba aliyokuwa ameitunga njiani.

Wala tusifunge kitabu kabla ya yule ndugu mkubwa. Naye alikasirika, akakataa kuingia, na baba huyohuyo akatoka nje kumbembeleza. Watoto watiifu, wanaokaa mbele na kujua mistari yote, wahitaji kuisikia sehemu hii.

Yako mengine. Hosea 11 yamwonyesha Mungu akimfundisha mtoto kwenda kwa miguu, akiinama kumlisha. Isaya, katika sura ya 49 na ya 66, afananisha upendo wa Mungu na wa mama, na hilo litamfaa mtoto aliyelelewa na mama peke yake, au na nyanya yake. Zaburi ya 68 yamtaja Mungu kuwa baba wa yatima. Tena watoto hufurahi wakiambiwa kwamba neno "Aba", katika Marko 14, ni la Kiaramu, lugha ya Yesu mwenyewe, na kwamba alilisema usiku ule wa Gethsemane alipokuwa na huzuni kuu. Mtoto mwenye huzuni aweza kuliazima.

Labda mtu atauliza, "Je, Mungu haadhibu?" Waebrania 12 yasema wazi kwamba huwarudi wanawe. Lakini yatupasa kuungama kosa moja. Tangu mwaka 2001 sheria ya Kenya imekataza fimbo shuleni, ila katika madarasa mengine ya kanisa tumeendelea kupiga kwa maneno. "Ukipiga kelele Mungu atakuchoma moto!" Tumemfanya Mungu kuwa askari wetu wa kutunyamazishia watoto, kwa sababu hatukuandaa somo. Hili si kurudi kwa Waebrania 12. Ni uvivu wetu.

Na kanisa lenyewe lafundisha hata kabla mwalimu hajafungua kinywa. Wanafunzi walipowazuia watoto, Yesu alichukizwa, kama Marko 10 isemavyo. Sisi twawaweka wapi? Mvua ikinyesha, wale walio chini ya mti huenda wapi? Tukumbuke kwamba Robert Raikes, aliyeanza shule yake ya Jumapili huko Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, aliwaita watoto maskini waliofanya kazi siku sita na kuzurura ya saba. Kazi hii ilianza kwa watoto wasio na wa kuwaangalia. Tena twaona darasa hili huachiwa wasichana peke yao, hali wazee wa kanisa hawayajui hata majina ya watoto. Mtoto aliyekosa baba amwone wapi mwanamume mpole, kama si kanisani?

Katika ushirika ule tulioutembelea, mwalimu alikwenda kumwomba mzee mmoja wa kanisa aje darasani. Alikuja Jumapili iliyofuata, akaketi juu ya mkeka pamoja nao, akawauliza majina yao mmoja mmoja. Kisha akawasimulia Luka 15. Alipofika penye kukimbia akasimama, akashika koti lake, akapiga mbio kutoka kwenye mti hata ukuta wa kanisa, watoto wakacheka sana. Yule mvulana hakucheka. Wengine walipotulia akauliza, "Na walipofika nyumbani, alimpiga?"

Mzee akasema, "La. Alimvika viatu."

Mvulana akauliza tena kama ni kweli. Mzee akafungua Biblia, akatafuta mstari wa 22, akamwekea kidole chake juu ya neno lenyewe ili alisome.